Rangi Imefutwa, Jina Je?

Tangu Sebastião Salgado, Mbrazili aliyesifika kwa picha zake nyeusi na nyeupe za wafanyakazi na wakimbizi, afariki dunia jijini Paris tarehe 23 Mei 2025, akiwa na miaka 81, kurasa za wapiga picha wetu zimejaa nyuso zisizo na rangi. Mvuvi mzee wa Kunduchi, mikunjo ya paji la uso imechimbika kama matuta ya mihogo. Mtoto wa Karamoja, macho meupe pee, nyuma yake giza tupu. Bibi msuka ukili, vinaonekana vidole na nusu ya shavu. Chini limeandikwa neno moja: "Heshima", au "Utu". Watazamaji wanamwaga alama za moyo. Mpiga picha ametajwa jina, kamera imetajwa, hata lenzi imetajwa kwa namba yake. Aliyepigwa picha hakutajwa.

Naona somo lililookotwa kwa Salgado ni dogo kuliko yote aliyoyaacha. Watu wamechukua kule kukosekana kwa rangi wakaacha mengine yote mezani. Picha nyeusi na nyeupe haimpi mtu utu, wala haimnyang'anyi. Utu wa mtu pichani unaamuliwa na mapatano yaliyofanyika kabla na baada ya kubofya kitufe: nani aliomba, nani angeweza kukataa, uso umepimiwa mwanga namna gani, jina limeandikwa wapi, nakala imemfikia nani. Rangi ikiondolewa, hitilafu ya lolote kati ya hayo hujitokeza zaidi, maana mtazamaji hana tena kanga ya kumpendeza wala bahari ya kumpumzisha macho. Amebakiwa na uso. Ndiyo maana nasema nyeusi na nyeupe ni kazi nzito kuliko ya rangi, na wanaoikimbilia kama njia ya mkato wameielewa kinyume.

Kumbukumbu yetu ya picha hizi inachanganya vitu viwili visivyo vya ukoo mmoja. Kimoja ni picha ya studio. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio huko Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1930, nyeusi na nyeupe haikuwa mtindo; ndiyo iliyokuwa picha. Kule Bamako, Mali, Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948 akitumia kamera ya negativu (filamu ambayo picha huchapwa kutoka kwake) za sentimita 13 kwa 18. Negativu ya ukubwa huo haihitaji kukuzwa: inalazwa juu ya karatasi, inapigwa mwanga, na picha inatoka na ukubwa uleule wa kushika mkononi. Kila negativu ilikuwa gharama, kwa hiyo kwa kawaida Keïta alipiga mara moja tu. Ili hiyo moja isiharibike, kazi yote ilifanyika kabla: kumgeuza mteja bega, kumshusha kidevu, kumwazima saa, kalamu au redio, kumtandikia pazia la nyuma, ambalo la kwanza lilikuwa shuka la kitandani kwake mwenyewe. Mteja alikuja amejipamba, akalipa, akaondoka na picha yake. Asiyependezwa hakurudi. Hadhi ile tunayoiona leo katika picha za Keïta ilitokana na mpangilio huo wa biashara, ambamo aliyekaa kitini ndiye aliyekuwa bosi wa aliyesimama nyuma ya kamera.

Na kuna kisa kinachofaa kukumbukwa hapa. Picha hizo zilipoonyeshwa New York mwaka 1991, ziliandikwa kuwa za mpiga picha asiyejulikana. Mtu mwenye studio inayofahamika mjini kwake, aliyewapiga picha maelfu ya wakazi wa Bamako, alivuka bahari akawa hana jina. Alitafutwa, akapatikana, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho yake mwenyewe Paris. Jina la mpiga picha lilirudishwa. Majina ya wateja wake, kwa sehemu kubwa, hayakurudi.

Kitu cha pili ni picha ya daftari la serikali. Kenya ya kikoloni ilikuwa na kipande, chini ya sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia: mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 alibeba karatasi yenye alama za vidole ndani ya kibweta cha bati kilichoning'inia shingoni. Afrika Kusini iliongeza picha: kitabu cha pasi, hati ambayo Waafrika walilazimika kuibeba, kilichotolewa kwa sheria ya mwaka 1952 kilikuwa na sura ya mbebaji, nyeusi na nyeupe, imebanwa juu ya ukurasa. Humo mtu alikuwa na jina kamili na namba, lakini hakuwa na haki ya kukataa. Kwa hiyo jina peke yake nalo halitoshi, na nitalirudia hilo huko mbele.

Kabla ya hapo palikuwa na picha za "makabila", zile za kadi za posta, ambazo hata kemia yake ilimwonea mtu mweusi. Bamba za kioo za karne ya 19, zilizotumika kabla ya filamu, zilihisi mwanga wa buluu na kuwa karibu vipofu kwa mwekundu. Ngozi ya binadamu, iwe ya nani, inarudisha mwekundu zaidi kuliko buluu, kwa hiyo kila ngozi ilitoka nyeusi kuliko ilivyo, na ngozi ya kahawia ikazama kabisa huku anga likitoka jeupe kama karatasi. Filamu zinazohisi rangi zote zilienea katika miaka ya 1920. Wanaotamani "ule muonekano wa zamani" na kuushusha uso wa mtu mpaka ukawa mkaa wanaiga dosari ya bamba wakidhani wanaiga sanaa.

Anayetaka ushahidi kwamba rangi si kipimo cha utu na aziangalie picha mbili zilizopigwa chini ya idara moja ya serikali ya Marekani, ile iliyokuwa ikishughulikia wakulima maskini, zote nyeusi na nyeupe, na zote maarufu mno. Ya kwanza ilipigwa na Dorothea Lange, Machi 1936, kambi ya wachuma njegere huko Nipomo, California: mama ameshika shavu, watoto wawili wamegeuza nyuso begani kwake. Maelezo yake yalitaja kwamba ni mama wa watoto saba, ana miaka 32. Jina hakuna, Lange mwenyewe aliandika baadaye kwamba hakumwuliza. Ilipofika 1978 ndipo ulimwengu ukamjua Florence Owens Thompson, mwanamke wa asili ya Wacherokee, wenyeji asilia wa Marekani, aliyesema wazi kwamba alitamani asingepigwa picha ile, kwamba haikumletea hata senti, na kwamba aliahidiwa nakala isiyofika. Miaka 42 uso wake ulikuwa kila mahali akiwa hai na mzima, na hakuna aliyemtumia bahasha.

Ya pili ni ya Gordon Parks, Washington, 1942: mwanamke mfagiaji wa ofisi za serikali amesimama mbele ya bendera, fagio mkono huu, dekio pembeni. Anaitwa Ella Watson. Parks alikaa naye akamsikiliza kwanza, kisha akamfuata nyumbani, kanisani, kwa wajukuu, akapiga picha kadhaa za maisha yake. Maelezo yaliyobaki katika kumbukumbu za idara yanataja mpaka mshahara: dola 1,080 kwa mwaka, na idadi ya walioutegemea. Filamu ni za aina moja na idara ni moja, lakini mwanamke mmoja amebaki alama ya dhiki na mwingine amebaki mtu mwenye anwani. Tofauti hiyo imo katika daftari la mpiga picha, na negativu haina habari nayo.

Sasa turudi kwa Salgado, kwa sababu mabishano juu yake yalianza zamani na yamefufuka na msiba. Alikuwa mchumi, akifanya kazi ya shirika la kimataifa la kahawa jijini London alisafiri Afrika kwa miradi ya maendeleo, kamera ya mkewe mkononi, mpaka mwaka 1973 akaacha uchumi. Mwaka 1986 alipiga machimbo ya dhahabu ya Serra Pelada, Brazil, ambako makumi ya maelfu ya watu walipanda ngazi na viroba vya udongo mgongoni. Wapinzani, na waliosikika zaidi walianza mwaka 1991 katika jarida la The New Yorker, walimshutumu kwamba anaipamba dhiki: picha zinakuwa nzuri mno hadi mtazamaji anaustaajabia mwanga na kusahau njaa. Shutuma hii haifai kupuuzwa. Mtu aliyebebeshwa kiroba halafu akapangwa kama malaika wa ukutani anaweza kugeuka pambo la sebule ya tajiri.

Lakini shutuma hiyo ina kisogo, nacho ni kibaya. Ikiwa uzuri ni dhambi mbele ya maskini, basi maskini apigwe picha mbaya: flashi ya usoni, kichwa kimekatwa, mwanga wa kituo cha polisi. Salgado alijibu kwa miaka mingi kwamba hakuona sababu ya ulimwengu wa maskini kuonekana mbaya kuliko wa tajiri wakati mwanga ni uleule. Katika hilo namuunga mkono kabisa. Mteja wa Oza na wa Keïta angemuunga mkono pia; hakuna aliyekwenda studio akaomba atolewe sura mbaya ili ukweli uonekane.

Shutuma yenye uzito ni nyingine, na mwandishi Mmarekani Susan Sontag aliiandika mwaka 2003: kwamba nyuso zile hazina majina. Mtu mashuhuri anapigwa picha kama nafsi moja, mnyonge anapigwa kama mfano wa kazi yake, kabila lake au shida yake. Watetezi wa Salgado watasema, na wana haki kusema, kwamba kuna mazingira ambayo kuandika majina ni ndoto. Mwishoni mwa Aprili 1994, takriban Wanyarwanda 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara katika muda wa kama siku moja. Hakuna daftari la kubeba hayo, na picha pana ya kambi yao ya Benako chini ya wingu zito haidai jina la mtu mmojammoja. Ila picha ya uso mmoja, ukiwa umejaa fremu na macho yameelekea lenzi, inadai. Salgado mwenyewe alieleza jinsi watoto wa makambini walivyomzonga, akawaambia atampiga kila mmoja picha moja kisha wamwache afanye kazi. Wakasimama mmojammoja mbele yake, na papo hapo kila mmoja akaacha kuwa sehemu ya kundi. Picha hizo zilijaza kitabu kizima mwaka 2000. Hapo muda wa kuuliza jina ulikuwepo, kwa sababu foleni ilikwishapangwa.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosambaa zaidi: kwamba rangi inavuruga, na ukiiondoa inabaki nafsi. Mwambie hivyo mwanamke aliyefungua sanduku asubuhi, akatoa kanga kadhaa, akachagua moja. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina lake limeandikwa chini ya mji. Rangi na maneno vimechaguliwa pamoja, pengine kwa ajili ya jirani maalumu. Mpiga picha anakuja, anafuta rangi, halafu anakata fremu kiunoni, na maneno yamekatika nusu. Kisha anasema ameonyesha nafsi yake. Nafsi ilikuwa ikizungumza kwenye pindo! Na kuna tatizo la kiufundi ambalo wengi hawalijui mpaka limewakuta: nyekundu na kijani zenye uang'avu sawa zikigeuzwa kuwa nyeusi na nyeupe zinatoka kijivu kimoja, na maua yote ya kanga yanayeyuka kuwa doa. Ikiwa rangi ndiyo kauli ya mtu, iache. Nyeusi na nyeupe inafaa pale ambapo habari imo katika mwanga na umbo: mikono ya fundi, uso ulio nusu dirishani, au watu wawili waliovaa sare ambayo hawakuichagua wao. Salgado naye, baada ya kuhamia kamera za kidijitali mwaka 2008, alikuwa akipokea mafaili yenye rangi na kuyageuza baadaye. Kufuta rangi ni uamuzi wa mezani, na kila uamuzi wa mezani unafaa kuwa na sababu.

Tuseme umeshaamua, na sababu unayo. Umesimama soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, saa sita mchana, mbele ya mama muuza dagaa aliyekubali kupigwa picha. Jua liko utosini. Ukibofya hapo alipo, matundu ya macho yatakuwa mashimo meusi, ncha ya pua na paji la uso vitang'aa kwa jasho, na mashine haitakuwa na cha kuokoa. Mwombe asogee hatua mbili ndani ya kivuli cha paa, uso ukielekea nje kwenye uwazi. Anga lote sasa limekuwa dirisha kubwa. Tazama macho yake: ukiona nukta ya mwanga juu kidogo ya mboni, umefika. Upande wenye giza ukizidi, mtu ashike kipande cha kadibodi nyeupe au kifuniko cha boksi la barafu mita moja kutoka shavuni. Ngozi nyeusi inachongwa na mwanga unaoakisiwa juu yake kuliko ule unaoingia ndani, kwa hiyo chanzo kikubwa na laini cha ubavuni kinaleta umbo la taya na shavu, na flashi ndogo ya usoni inaleta madoa meupe ya mafuta.

Kupima mwanga ndiko wengi wanakoharibikiwa. Kamera haijui kwamba huyu ni mtu. Inadhani kila kilichoko mbele yake ni kijivu cha wastani. Nyuma ya mama kukiwa na anga au ukuta mweupe, kamera inaogopa weupe, inapunguza mwanga, na uso unakufa. Hapo ongeza stopu moja mpaka moja na nusu; stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili. Kinyume chake, ukipima shavu jeusi peke yake kwa kipimo cha nukta, kamera itataka kulipandisha mpaka lifike kijivu cha wastani, na mtu atatoka amepauka kama aliyepakwa majivu. Punguza kama stopu moja. Ikiwa amekaa na mzee mwenye kanzu nyeupe, waingize wote kivulini, maana juani kanzu na uso huachana kwa stopu nyingi na utalazimika kumchagua mmoja. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka kipimo kijifunge, kisha telezesha kidole chini kidogo.

Umbali nao una adabu zake. Lenzi kuu ya simu nyingi ni pana, sawa na milimita 24 hadi 26 kwenye kamera kubwa. Ukimsogelea mtu nusu mita, pua inavimba na masikio yanakimbia nyuma. Sura aliyonayo kwenye kioo cha nyumbani si hiyo. Rudi nyuma mita moja na nusu mpaka mbili, tumia mara mbili ya simu au lenzi ya milimita 85. Ikiwa amekaa kwenye kigoda, chuchumaa mpaka kamera iwe sawa na macho yake. Kupiga kutoka juu kunamfanya mtoto. Kupiga kutoka chini kabisa kunamfanya sanamu, na hilo nalo ni uongo, ingawa wapenzi wa "heshima" wanalipenda.

Kisha meza ya kuhariri, ambako uzee hubandikwa. Katika programu kama Lightroom, ngozi ya mtu, nyeupe au nyeusi, imo zaidi kwenye kitelezi cha rangi ya chungwa. Ukikishusha wakati wa kugeuza kwenda nyeusi na nyeupe, uso unakuwa mweusi na kila kovu, kipele na kinyweleo vinapanda juu. Ukiongeza na kile kitelezi kinachoitwa Clarity mpaka 60 au 70, mikunjo inakuwa mifereji. Mzee wa miaka 60 ametoka na 85. Wenyewe wanaita "kutoa hisia". Mwenye filamu anajua jambo hilohilo kwa vichujio: chekundu hung'arisha ngozi na kutia anga giza, cha kijani hutia ngozi giza. Jaribio la haki ni rahisi: weka picha ya asili pembeni, mwite mtu anayemfahamu mhusika, muulize kama huyu ni yeye. Akisema "ni yeye, ila kachoka", rudisha kitelezi.

Yote hayo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni swali fupi: "Tukuandike nani?" Liulizwe hivyohivyo, maana jina kamili la kitambulisho si lazima liwe ndilo la heshima. Mama wa Temeke anaweza kutaka aandikwe Mama Salma, na mzee wa Bagamoyo akataka Mwalimu au Maalim litangulie jina lake. Andika papo hapo pamoja na kazi, mahali, tarehe, na sentensi moja aliyoisema yeye kuhusu anachofanya. Jina liingizwe kwenye taarifa za ndani ya faili, lakini usiishie hapo: WhatsApp na mitandao mingi hufuta taarifa hizo picha inapopita. Liwe pia kwenye jina la faili na kwenye maelezo yanayoonekana.

Utaambiwa jina linahatarisha. Mara nyingine ni kweli. Mkimbizi aliyemkimbia mtu, manusura wa ukatili, mtoto yeyote aliyeko hospitalini: hawa kuwataja kunaweza kuwaua au kuwafuata maisha yao yote. Ila uamuzi huo ni wao, na mpiga picha asiwaamulie. Zanele Muholi alianza mwaka 2006 kuwapiga picha wanawake wasagaji na watu waliobadili jinsia wa Afrika Kusini, nyeusi na nyeupe, wakitazama kamera moja kwa moja, katika nchi ambayo wenzao walikuwa wakibakwa na kuuawa kwa sababu hiyo. Kichwa cha kila picha ni jina la mtu, mahali na mwaka. Wao ndio waliotaka kujulikana. Kufichwa ndiko kulikokuwa kunawaangamiza. Sasa weka pembeni yake picha aliyoipiga Ernest Cole wa Afrika Kusini, iliyotoka katika kitabu chake cha mwaka 1967 kilichopigwa marufuku Afrika Kusini: wachimba migodi wamesimamishwa uchi kwa ukaguzi wa daktari, mikono juu, wameelekea ukutani. Cole alipiga kutoka nyuma. Fedheha yote ya mfumo inaonekana na hakuna uso hata mmoja wa kufedheheka. Kwetu pwani tuna neno la jambo hilo, stara, na sikumbuki kusikia likifundishwa katika warsha yoyote ya upigaji picha. Muholi alitaja, Cole akasitiri, na wote wawili walikuwa sahihi kwa sababu walianza na hali ya aliyekuwa mbele yao.

Nakala nayo. Picha moja ya karatasi ya inchi 5 kwa 7 kwa kawaida haizidi bei ya sahani ya chakula kwa mama ntilie, na ndiyo deni linalosahauliwa kuliko yote. Isafishwe kwenye karatasi ya maabara. Ya wino wa bei rahisi hupauka haraka ikining'inizwa mkabala na mlango. Kwa nyumba za pwani, acha nafasi ya kadibodi kati ya picha na kioo cha fremu, la sivyo unyevu utaigandisha, na siku ya kuitoa utaondoka na ngozi ya uso. Kumtumia kwa simu si vibaya, ila simu hupotea na picha iliyoko ukutani hubaki.

Wapo wanaodhani sheria imeshamaliza mjadala huu. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na mwaka 2023 mdhibiti wa Kenya alitoza faini ya shilingi 4,550,000 kwa shule iliyochapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi, na 1,850,000 kwa ukumbi wa starehe uliobandika picha ya mteja mtandaoni. Faini hizo zimewatia watu hofu nzuri, na zimezaa dhana mbaya kwamba fomu ikisainiwa kazi imekwisha. Fomu ya Kiingereza iliyowekwa dole gumba kwenye foleni ya unga ni ndugu wa kipande. Anayepokea msaada anaamini, na huwezi kumlaumu, kwamba akikataa picha jina lake litarukwa. Picha ipigwe siku nyingine, na mtu tofauti na mgawaji, kisha ridhaa iombwe mara mbili: kabla, na tena baada ya kumwonyesha kilichotoka na kumwambia kwa lugha yake kitakwenda wapi, bango la barabarani au kalenda au mtandaoni.

Wengine wanakimbilia akili unde (AI). Wanasema uso uliobuniwa na mashine haumdhalilishi yeyote kwa kuwa hayupo. Lakini mashine imejifunza kutokana na picha zilezile za miaka 50 zisizo na majina, kwa hiyo ukiiomba mtoto maskini wa Kiafrika inakuletea vumbi, chozi na macho makubwa, mara nyingi kwa ile nyeusi na nyeupe tunayoizungumzia. Na mtoto huyo hawezi kukataa, hawezi kudai nakala, wala hatajitokeza kama Florence Thompson akaharibu hadithi. Kwa wanaotafuta nyuso bila wenye nyuso, ni bidhaa kamili.

Kuna kazi ya kufanya kwenye makabati pia, na sisi wa ukanda huu tuko karibu nayo kuliko Paris. Picha za Benako zina mahali na zina mwaka: Tanzania, 1994. Mtoto aliyesimama mbele ya kamera pale akiwa na miaka 6 au 7 sasa ni mtu mzima wa karibu miaka 40. Anaweza kuwa Kigali, Ngara, Kibondo au Brussels, na inawezekana kabisa hajawahi kuiona picha yake. Anayetaka kumuenzi marehemu angeweza kuanza kwa kuchapa picha chache kati ya hizo, kuzipeleka Rusumo siku ya gulio, na kuuliza kama kuna anayemjua mtu.